Diski Mbili Kwenye Mzani wa Maharagwe

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwenye mteremko wa kushukia Bonde la Ufa, pedeli ya breki ilizama chini ya mguu wangu kana kwamba nimekanyaga unga. Saa hiyo naijua kwa sababu mke wangu aliisoma kwa sauti. Akiogopa husoma chochote kilicho mbele yake. Alisoma saa ya gari, akasoma maandishi ya nyuma ya lori lililokuwa mbele yetu, akasoma kibao cha kuonya madereva wapunguze mwendo. Mimi nilikuwa nashusha gia kutoka ya nne hadi ya pili huku nikiipampu pedeli. Breki zilirudi kidogo, zikatosha. Tulisimama kando ya barabara, hatua nane hivi kutoka kwenye lori, magurudumu ya mbele yakitoa moshi.

Mke wangu alishuka na mkoba wake.

"Mimi na hili gari tumeachana," alisema. "Wewe bado ni mume wangu. Tutakutana kwa mama."

Alisimamisha basi la kwenda magharibi, akapanda. Breki zilipopoa nilianza safari tena, nikalikuta lile basi limesimama kupakia abiria, nikalifuata polepole hadi kwao. Aliketi kiti cha nyuma kabisa, na njia nzima nilikiona kitambaa chake cha kichwa kupitia kioo. Baadaye alikiri kwamba alichagua kiti kile ili aweze kuniona. Lakini tuliporudi Nairobi baada ya sikukuu, alirudi kwa basi.

Gari lenyewe ni la milango miwili, limetengenezwa kukimbia, na lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja tulipolinunua. Tulikuwa tumemaliza kusomesha watoto wetu wawili, nao wamehama. Siku tulipolileta nyumbani, mtaani Tena, jirani alilizunguka akauliza, "Na mkipata mgeni ataketi wapi?" Mke wangu akamjibu, "Atangoja zamu yake." Kwa miaka mitatu hatukukosa Jumapili hata moja. Tukitoka kanisani tulizunguka tu, bila pa kwenda, tukizungumza mambo ambayo nyumbani hatuyazungumzi.

Kuanzia Januari hadi Aprili niliendesha peke yangu, sanduku la vifaa likiwa kwenye kiti chake. Nilitaka arudi kwenye kiti kile. Mengine yote niliyoyafanya yalitokana na hilo.

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda. Ufundi wa magari sikusomea; nimejifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuandika kila ninalolifanya kwenye daftari. Kwa hiyo nilisoma. Nilisoma kuhusu diski za breki za kaboni na seramiki, ambazo ni nyepesi kuliko za chuma na hazilegei zikipata moto, hata gari lishuke mlima mara ishirini. Nilidhani nimepata jibu. Nikampata mjini muuzaji wa spea za mitumba aliyekuwa na jozi ya mbele, pamoja na pedi zake na kalipa za kuzibana, vyote vimetolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Bei ilikuwa shilingi laki tatu na arobaini elfu. Aliniruhusu nizichukue diski hadi Jumanne kwa amana ya elfu kumi.

Pesa zilikuwa kwenye akiba yetu ya pamoja, na hazitoki bila sahihi mbili.

"Lete nizione," mke wangu alisema. "Mimi sinunui hata kunde bila kuzishika."

Ana duka la nafaka mtaani Mowlem. Jumamosi asubuhi nilizibeba diski hadi pale, nikaziweka juu ya gunia la ndengu, nikatoa vernia, kile kipimo cha unene. Nilipima unene wa kila diski mahali panane. Ulikuwa karibu sawa na wa diski mpya. Nikamwambia ni nzima kabisa.

Alivaa miwani, akaigeuza moja, akasoma kilichochongwa katikati.

"Hapa wameandika gramu."

Nilikuwa nalijua jambo hilo. Diski ya chuma huisha kwa kuwa nyembamba, lakini ya kaboni na seramiki huisha kwa kuwa nyepesi: joto huila kaboni ya ndani na sura ikabaki ileile. Ndiyo maana kiwandani kila moja huchongwa uzito wake wa mwisho, na ikishuka chini ya hapo haifai tena. Hayo yalikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Lakini mkono uliozoea chuma miaka ishirini hukimbilia vernia, na isitoshe nilidhani kupima gramu ni kazi ya maabara.

"Profesa," alisema mke wangu, "umesimama kwenye duka la nafaka, unakosa mzani?"

Mzani wake hukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka, na husoma kila gramu tano. Aliondoa maharagwe ya mteja, akaupangusa, akaweka diski ya kwanza.

"Mama, hizo ni za kilo ama za mkebe wa gorogoro?" aliuliza yule mteja.

"Hizi ni za mzee. Anapika breki leo."

Mwendesha bodaboda aliyekuja kuchukua mzigo alichungulia. "Niaje, mzae. Hiyo ni breki ama ni sinia?"

"Ni breki."

"Ngapi?"

Nilimwambia. Akavua helmeti.

"Hiyo ni pikipiki mbili, mzae! Na zote zinasimamisha gari moja?"

Diski ya kwanza ilikuwa na gramu 5,800, na kikomo chake ni 5,780. Ya pili ilikuwa na 5,830, kikomo 5,795. Zote zilikuwa zimepita. Nilianza kuzifunga kwenye gazeti, na nadhani nilikuwa natabasamu. Mke wangu alikuwa bado ameshika moja, anapitisha kidole kwenye vitundu vya pembeni.

"Zimeoshwa?"

"Ndiyo. Muuzaji alizipiga maji ya presha asubuhi nilipokuwa pale, ili zing'ae."

Alicheka, lakini si kwa kunikejeli. "Mwaka wangu wa kwanza hapa mtu aliniuzia magunia sita ya mahindi yaliyonyunyiziwa maji. Kwa mzani yalikuwa mazito, mazuri. Baada ya wiki, ukungu mtupu. Anika hizi."

"Mama, haya si mahindi."

"Kitu chenye vitundu kinakunywa. Anika."

Niliporudi nyumbani nilifungua kitabu. Sentensi ilikuwapo: diski ikauke kabisa kabla ya kupimwa. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa penseli.

Zilianikwa juu ya paa la duka, kwenye turubai moja na kunde. Aliziteremsha Jumamosi jioni, akazipandisha tena Jumapili na Jumatatu, na kila alipogeuza kunde alizigeuza na diski. Jumatatu saa kumi na moja jioni nilitoka kazini nikapitia dukani. Alikuwa hajazipima, aliningoja.

Ya kwanza ilikuwa 5,760. Ya pili, 5,785. Tulizipima mara tatu. Zote mbili zilikuwa chini ya kikomo.

Nilitarajia anitanie. Alikaa kwenye kiti chake kifupi, akavua miwani.

"Nilitaka ziwe nzima," alisema. "Unadhani sijui ulizitafutia nani?"

Niliziteremsha diski kutoka kwenye mzani.

"Lakini hebu niambie kitu. Siku ile pale mteremkoni, ni nini hasa kilichotokea? Miezi minne unanieleza kuhusu breki za wakimbiaji. Zetu zilikuwa na nini?"

Nilifungua daftari kumwonyesha, na nilipokuwa nalifungua nilikwisha kujua. Mafuta ya injini yapo, kila kilomita elfu tano, na tarehe. Chujio za hewa zipo. Matairi yapo. Safu ya mafuta ya breki ilikuwa tupu tangu siku tuliyolinunua gari. Mafuta ya breki nayo hunywa maji, huyavuta hewani kidogo kidogo; yakizeeka, kwenye mteremko mrefu huchemka na kujaa mvuke, na pedeli ikazama. Nilikuwa nimetafuta diski za magari ya mashindano ili nisiitazame safu moja tupu.

Nilimweleza yote hayo, polepole.

"Kwa hivyo si gari," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Haya. Wewe naweza kukusamehe. Gari singeweza."

Jumanne nilirudisha diski na kumwonyesha muuzaji uzito nilioandika. Alisema mimi ni mtu wa kwanza kuzipima, akanirudishia elfu saba. Elfu tatu alikata za usumbufu. Sikubishana. Nikanunua diski mpya za chuma, pedi zinazostahimili moto, mipira mipya ya breki na mafuta mapya. Vyote pamoja vilikuwa shilingi 71,600, kazi nikaifanya mwenyewe.

Isipokuwa kazi ya kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, kwa maana hiyo huhitaji watu wawili: mmoja chini kwenye gurudumu, mwingine kwenye pedeli. Jumamosi iliyofuata nilimwomba. Alitoka na leso kiunoni, akalitazama gari kitambo, akaingia upande wa dereva.

"Kanyaga," nilisema kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nashikilia."

Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama chai ya rangi, yakitoa mapovu.

"Bado unashikilia?"

"Mzee, nishikilie mpaka Krismasi? Sema niachilie!"

Magurudumu yote manne yalituchukua saa moja na nusu. Mwishoni pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, naye aliikanyaga mara nyingi kuliko nilivyoomba, akiisikiliza. Kisha akahamia upande wa pili na kufunga mkanda.

"Kesho tukitoka kanisani tushuke pale," alisema. "Polepole. Na mimi ndiye nitakayesema kama ni sawa."

Tuliushuka ule mteremko mara mbili. Mara ya kwanza alishikilia mlango. Mara ya pili alikuwa anamenya machungwa na kunipa vipande, na tulipofika chini alisema ni sawa. Jioni hiyo nilijaza ile safu tupu, kisha nikapiga hesabu ya yote: bei ya zile diski mbili, nikatoa tulichonunua, nikatoa na elfu tatu za usumbufu. Tulikuwa tumeokoa shilingi 265,400.