Meno ya Marehemu Baudouin

Kazi yangu hapa Rubondo ni kufundisha wazee kuosha kinywa. Cheka basi, ukimaliza nitaendelea. Kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale inaniita Madame Meno, na mimi Viviane sijawahi kulikataa jina hilo, maana hao hao wanaocheka ndio wanaokuja mlangoni kwangu shavu limevimba, wanalia kama watoto wachanga. Nilisomeshwa Mbarara miezi mitatu, na kila Jumanne naweka bango langu la picha kwenye ukuta wa kanisa letu dogo, nawaonyesha ufizi unaotoka damu, nawaonyesha namna ya kusugua ulimi. Kwa wale wachache wenye meno ya bandia nina neno moja ambalo nalirudia mpaka wamelichoka. Usilale nayo. Yatoe, yaoshe, yatie kwenye kikombe cha maji safi mpaka asubuhi.

Mzee Elisée alikuwa hana meno ya aina yoyote, ya kwake wala ya bandia. Ni mtu wa Uvira, msusi wa mikeka, mke alimzika huko huko kabla ya kukimbia, na watoto hajui walikopotelea. Alikuwa anakula viazi vya kupondwa na sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa mpaka ikawa uji. Lakini chakula hakikuwa shida yake kubwa. Shida ilikuwa maneno. Akisema, yanatoka yamelowana, hayana kingo, unamwuliza mara mbili, mara tatu, mwisho unaitikia tu ndiyo ndiyo, unaondoka. Watu waliacha kwenda kwake. Hata mimi, nisijitie utakatifu, nilikuwa napita mbali na ua wake.

Rafiki mmoja tu ndiye aliyekuwa anamwelewa, Mzee Baudouin, msomaji wa Biblia kanisani. Baudouin alikuwa na meno ya bandia yaliyotengenezwa Mbarara, juu na chini, na yale ya mbele yaliacha upenyo mdogo, basi kila penye sauti ya *sss* ulisikia mluzi mwembamba. Ungemjua hata ukiwa umefumba macho. Huyo Baudouin alifariki mwezi wa tatu.

Siku ya kuondoa matanga mjane wake, Mama Adélaïde, aligawa vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka. Koti kwa huyu, jembe kwa yule. Alipofika kwa Elisée akampa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na yale meno. Mimi sikuwepo, nilikuwa Mbarara. Ningekuwepo ningepiga kelele mpaka ng'ambo ya ziwa.

Nikarudi Jumanne. Nilikuwa nimewapa wazee mgongo, nabandika bango, ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Samahani, Madame. Leo somo ni la nini?"

Mluzi ule ule. Sauti ile ile ya kusoma Zaburi. Gundi ikaniponyoka mkononi. Nilikaa hivyo hivyo nikitazama ukuta, kwa sababu, nakuambia ukweli, niliogopa kugeuka. Nilipogeuka alikuwa Elisée, amekaa kwenye benchi la pili, fasi aliyokuwa anakaa Baudouin, uso wake umevutwa na tabasamu ambalo si lake. Hakuna mzee aliyecheka. Mama mmoja alikuwa tayari amechukua kanga yake na kutoka.

Hasira ilinisaidia. "Muzee Elisée! Hayo meno umeyatoa wapi? Meno si koti, baba! Kila mtu na kinywa chake!"

"Yananikaa," alisema. "Nimeweka kitambaa kidogo chini, hayatelezi. Sikiliza, Madame, sasa unanisikia?"

Nilimsikia vizuri sana. Hilo ndilo lililonitia ubaridi.

Nikaja kujua kwamba kila alasiri, saa tisa, Mama Adélaïde alikuwa anakwenda kwa Elisée na kigoda chake. Nilikwenda kujionea. Anakaa mbele yake, macho chini, hamtazami usoni hata kidogo, anasema tu, "Zungumza." Naye anazungumza. Habari za mvua, habari za mikeka, za Uvira, chochote. Jirani mwenye shamba la maharagi upande wa pili alikuwa ameacha kulipalilia saa hizo. Aliniambia, "Baudouin eko mule ndani, siendi kule." Nikamwambia aache ujinga. Kisha nikasikia Elisée akisema, "Adé, sogea, jua litakuchoma," na Mama Adélaïde akasogea kama mtu aliyezoea kuambiwa.

Hakuna mtu Rubondo aliyekuwa anamwita Adé. Ni Baudouin peke yake, tena nyumbani kwao tu. Nilijua kwa sababu nilimhudumia wiki zake za mwisho.

Nilimngoja Mama Adélaïde aondoke, nikamkabili Elisée. "Nani alikufundisha kumwita hivyo?"

"Linatoka tu, Madame. Mimi mwenyewe nalisikia kama wewe unavyolisikia."

Basi hapo, akiwa amenikaribia, nikasikia harufu. Ukifanya kazi yangu huhitaji tochi. Ilikuwa harufu ya kidonda. Kola ya shati lake ilikuwa na damu iliyokauka. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Wiki ya tano hiyo, na alikuwa hajayatoa meno hata siku moja, hata kulala. Chakula hali tena, anakunywa maji tu, tena kwa kukunja uso.

"Toa nione."

"Siyatoi."

"Utakufa, muzee wangu! Unaoza ndani ukiwa mzima!"

"Na nikiyatoa," alisema, mluzi ukikatikakatika, "nani atakuja kukaa nami? Utakuja wewe?"

Aibu ilinipanda, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Adélaïde kumwaga hasira yangu huko. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia anamwua mtu, anamwua rafiki wa mumewe kwa mchezo wa kuita wafu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema polepole:

"Wewe ndiye ulitufundisha, Viviane. Ile asubuhi alipozidiwa, meno yalikuwa kwenye kikombe, kama ulivyosema. Nilijaribu kumtia, taya ilikuwa imeshakaza. Alikuwa anasema kitu. Anasema, anasema, sikushika hata neno moja. Akakata roho akinisemesha." Aliacha kuchambua. "Mimi kabila langu Mushi, yeye Mubembe. Miaka arobaini tumeongea Kiswahili ili tuelewane. Na la mwisho sikulielewa. Huenda alikuwa ananilaani. Huenda alikuwa ananiomba kitu. Ndiyo maana nakwenda. Lile neno limebaki kwenye yale meno, nangoja litoke."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nililia, sioni haya kusema. Somo langu lilikuwa sahihi, hata leo nalifundisha, lakini siku ile lilinikaa kooni. Mwisho nikamwambia, "Mama, kama lipo, litatoka hata kwa daktari wa meno Mbarara. Lakini Elisée akifa, litakwenda naye." Sikuamini nilichokisema. Nilitaka tu aje, kwa sababu bila yeye Elisée asingekubali kufungua kinywa.

Alhamisi tukaenda watatu. Kliniki iko Mbarara, njia ya Ruti, na daktari wa meno pale ni Dokta Afsa, mmoja wa walimu wangu, mwanamke asiye na maneno mengi, na Kiswahili chake ni cha kuokota kwa wagonjwa. Alimlaza Elisée kwenye kiti, akavuta taa, akachungulia, akanitazama kwa jicho la kunilaumu.

"Mzee, hii meno ni ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

"Rafiki yako iko wapi?"

"Amekufa."

Dokta Afsa aliguna. "Na hii kitambaa imeingia ndani ya nyama. Mzee, ukikaa nayo mwezi moja tena, hata maji itashinda wewe kumeza. Mimi natoa leo. Fungua mudomo."

Mama Adélaïde alikuwa amesimama ukutani. Alifanya kama anataka kumzuia daktari, kisha akajishika mkono mwenyewe.

Elisée aliinua kiganja, kumsimamisha daktari. Macho yake yalikuwa juu kwenye taa, wazi, hayapepesi. Njia nzima alikuwa anasema kwa shida, kila neno lina maumivu. Hili lililofuata halikuwa na maumivu. Lilitoka taratibu, na mluzi wake kamili, kwa sauti ya mtu aliyelala kitandani:

"Adé, simama ufunge mulango. Niko nasikia baridi."

Halafu akafungua kinywa. Dokta Afsa akaingiza vidole. Meno yalitoka kwa kuvutwa, kitambaa na damu vikifuata, na Elisée akapiga kelele kwa ile sauti yake ya zamani, iliyolowana, ya kwake mwenyewe. Daktari alimsafisha muda mrefu. Akasema kidonda kitapona, anywe dawa, arudi baada ya wiki mbili aangaliwe tena, na kikishafunga atapimwa meno yake mwenyewe. Yale ya Baudouin aliyafunga kwenye karatasi na hakumpa mtu.

Tulikaa kwenye benchi nje kungoja dawa. Saa saba mchana, jua la Mbarara linapiga utosini.

"Mulango ulikuwa wazi," alisema Mama Adélaïde.

"Mulango gani, mama?"

"Ile asubuhi. Niliufungua mimi mwenyewe. Ndani kulikuwa giza, nilitaka mwanga nione midomo yake inasema nini." Alikuwa anatazama barabara. "Upepo ulikuwa unaingia. Mimi nimesimama pale pale mulangoni namwambia, rudia, baba, rudia. Naye anarudia. Alirudia mara nyingi, Viviane."

"Ulimwambia nani habari hii?"

"Sikumwambia mutu."

Nilimgeukia Elisée. Alikuwa ameshikilia pamba kinywani, mashavu yameingia ndani, mzee wa kawaida aliyechoka. Nikamwuliza nani alimwambia habari ya mlango. Ilibidi aseme mara tatu ndipo nikamwelewa. Alikuwa ananiuliza, mlango gani?

Mama Adélaïde alimwelewa mara ya kwanza. Alisimama, akafungua kitenge chake cha juu, akapiga magoti mbele ya benchi na kumfunika Elisée miguu, akikaza pembe zote mbili chini ya nyayo. Jua lilikuwa kali, jasho linamtiririka mzee wa watu shingoni, na akaanza kuinama akitoe. Nilimshika mkono, nikamwambia akiache.