Sauti Iliyonenepa Ndani ya Kompyuta

Mwanangu, Mama Mwende aliiacha kwaya kwa sababu ya swali moja la kompyuta lililojibiwa kwa haraka. Nilikuwepo. Nakusimulia kwa kuwa sasa umeanza kazi hii ya kurekodi.

Nilikuwa kijana. Mimi na rafiki yangu Kioko tulikuwa na studio ya chumba kimoja mtaa wa Komarock, Nairobi, na kwaya ya kanisa letu ilikuwa ikirekodi albamu yake ya kwanza. Mama Mwende, aliyeongoza nyimbo, alifanya kazi kiwandani Industrial Area na zamu zake hazikumruhusu kufika kwetu. Basi Musa, mpiga video za harusi, akamrekodi kanisani kwa kinasa sauti chake, mama akisikiliza ala tulizokwisha kurekodi kwa visikizi masikioni, kisha akatuletea faili.

Kioko alipoiingiza, programu ya kurekodi iliuliza kama ibadilishe faili ilingane na mradi wetu, yaani ule wimbo tuliokuwa tukiuandaa humo. Kompyuta ilikuwa ya zamani, na kazi hiyo ingechukua muda.

"Achana nayo, buda," Kioko akaniambia, akabofya "hapana". "Sauti ni sauti."

Akakata mwanzo, ikabaki pale mama anapoanza kuimba.

Jumamosi kwaya ilikuja kusikiliza, moja kwa moja kutoka kupiga picha ya jalada, majoho mwilini. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, imeshuka chini ya ala, tena inachelewa. Mwalimu wa kwaya aliisimamisha kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

"Mama, uliimba ukiwa umelala?"

"Mwalimu, hiyo si sauti yangu."

"Ni ya nani basi? Ya Baba Mwende?"

Watu wakacheka. Mwalimu akasema sehemu yake ataimba mwingine. Mama akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akatoka.

Walipokwenda, Kioko alirudi kwenye faili ile ndani ya mradi aifute, kwa bahati akarejesha ule mwanzo aliokuwa ameukata. Ikacheza tangu mwanzo, tukamsikia Musa akisema, "Haya mama, tayari." Sasa, Musa alikuwa na sauti nyembamba hivi kwamba kwenye simu watu walimwita dada. Humo alisikika kama askofu. Tukatazamana.

Maelezo ni mafupi. Mashine huhifadhi sauti kwa vipande. Kinasa cha Musa kilichukua vipande elfu arobaini na nane kila sekunde. Mradi wetu ulicheza elfu arobaini na nne na mia moja. Vipande ni vilevile, mwendo ni wa pole, kwa hiyo wimbo hurefuka na sauti hushuka.

Kioko akaiingiza upya, akakubali ibadilishwe. Sauti ya Mama Mwende ikakaa sawa na ala hadi mwisho. Tukamwita mwalimu, akasikiliza, akachukua lile joho kitini akaenda kumwomba mama radhi. Alirudi bado amelishika.

Kwa hiyo, kabla hujaingiza faili ya mtu, angalia ilirekodiwa kwa kiwango gani. Programu ikiuliza, soma swali. Na sauti ikitoka vibaya, chunguza mashine kwanza, ndipo umwite mwenye sauti, tena faraghani. Faili tuliirekebisha kwa dakika chache. Kicheko kile hatukujua pa kukishikia.

Mungu akupe masikio mema, mwanangu, na subira ya kuyatumia.

Wimbo ulitoka na sauti yake, na bado hupigwa kwenye harusi za mtaani. Mama Mwende huketi viti vya nyuma kanisani. Kama amewahi kuusikiliza, sijui.