Nguzo Ndani ya Trela

Paa likilegea, unalitafutia nguzo. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako baba alinitoa shuleni darasa la sita nimsaidie kuezeka, sikuwahi kuona njia nyingine: unakata mti, unauchimbia, unaubana chini ya boriti. Basi mwaka 2016, majani yalipoanza kudondoka, nilikata tundu kwenye sakafu ya trela lililokuwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa kanisa letu, huku ughaibuni, Brooklyn Center. Nikachimba udongo chini yake, nikasimamisha nguzo. Paa likanyooka. Nikajisifu.

Trela lilikuwa la kulala safarini, la kukunja, la zamani kuliko mimi. Ukizungusha mkono wa chuma, paa linapanda na kuta za turubai zinapanda nalo. Ukizungusha kinyume, linashuka mpaka linakuwa sanduku la kuvutwa na gari. Boriti tatu zilizobeba paa zilikuwa zimenyonya maji miaka mingi, zimebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa miaka kumi na tano, na kitinda mimba wa miaka tisa. Baba tulimzika kambini. Mama tulimzika huku, na nyumba ya kupanga iliyokuwa kwa jina lake ikatutoka. Mwezi wa kumi na moja tungepata nyingine Coon Rapids, karibu na hospitali niliyokuwa nafanya usafi. Kabla ya hapo tulikuwa na trela tu. Wazee wa kanisa walikuwa wameshapanga, kwa huruma: yule wa kumi na tano aende kwa familia moja Bloomington, kitinda mimba apelekwe kwa binamu wa mama, jimbo jingine. Nilikataa. Mama alikuwa ameniambia, "Usiwatawanye." Hakuniambia jinsi.

Jumatano tukakuta karatasi ya jiji mlangoni: ni marufuku kulala kwenye trela uani, liondolewe kabla ya Jumatatu. Kaka mmoja Mtanzania wa kanisani, mwenye pikapu, akakubali kulivuta Jumamosi hadi uwanja wa kupigia kambi, kaskazini. Alhamisi alikuja kuliangalia. Akachungulia ndani.

"Dada, hii nguzo ya nini?"

"Inashika paa."

"Sasa paa litashukaje?"

Nikatazama mkono wa chuma, kisha nguzo.

"Umelichimbia mizizi, dada! Nivute trela, au nivute na uwanja wa huyu mama?"

Alicheka mpaka akaniona uso, akaacha. "Pole," akasema. "Lakini nisikudanganye. Hivi haliendi." Mama mwenye uwanja alikuwa amesimama kibarazani. Akasema kwa upole kwamba labda Mungu mwenyewe anaonyesha watoto wapelekwe kwa watu. Upole ule uliniumiza kuliko kicheko.

Ijumaa, wadogo zangu waliporudi kutoka shuleni, nilikuwa nimeshang'oa nguzo. Paa lilikuwa limeshuka kuliko mwanzo, na boriti ya kati imepasuka. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na nyundo mkononi, sijui nigonge wapi. Mzee Mzungu wa jirani akaegemea ua, akaongea kwa muda mrefu. Kiingereza changu kilikuwa cha ndoo na dekio. Kitinda mimba akamsikiliza, akanigeukia.

"Yaya," akasema, kwetu ndivyo anavyoitwa mkubwa. "Anasema boriti inataka dada."

"Inataka nini?"

"Dada. Sista. Ile imeoza usiitoe. Uipe dada."

"Usinichezee leo."

"Yaya, ndivyo alivyosema! Muulize!"

Mzee akaona tunagombana. Akaokota vipande viwili vya mbao, akavilaza ubavu kwa ubavu, akavibana kwa viganja. Nikaelewa. Mafundi wao wakifunga mbao nzima ubavuni mwa ile mbovu, husema wameipa dada.

Alituazima jeki. Tulinyanyua paa kidogo kidogo, tukakwangua ute wa mbao iliyooza, tukapaka gundi, tukakaza skrubu. Mdogo wangu wa kwanza alishika mbao, kitinda mimba alihesabu skrubu kwa Kiingereza. Mzee alikuwa na mbao ndefu mbili tu. Boriti ya tatu ilikosa. Nikamwonyesha nguzo yangu, bado ina udongo. Akaipasua kwa msumeno wa umeme, nikaikwangua, nikaifunga.

Jumamosi kaka wa pikapu alizunguka trela mara mbili. Nikashika mkono wa chuma. Kila mzunguko mbao zililia, na mimi nilikuwa nasikiliza mlio mmoja tu, wa kuvunjika. Paa likashuka, likakataa kufunga, likaacha mwanya wa vidole viwili. Akatoa kamba, akaufunga mwanya pande zote.

"Limeng'oka, dada," akasema. "Pandeni kabla halijabadili mawazo."

Njia nzima nilitazama nyuma. Tulipofika tukalisimamisha, na mvua ikaanza palepale. Wadogo zangu wakajikunyata kitandani, macho juu. Nikapitisha kiganja kwenye boriti moja baada ya nyingine. Zilikuwa kavu, ila ya kati ilitoa tone, kisha jingine. Yakaanguka sakafuni, yakateleza hadi kwenye tundu nililolikata mwenyewe, yakapotelea chini ya trela.

"Liache tundu hivyo hivyo, Yaya," kitinda mimba akasema. "Usizibe."

Sikuziba.