Maalim Alipomwazima Mwalimu Mchana Wake

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata nikisahau jina la jirani yangu, na siku hizi nasahau, hiyo hainitoki. Ni siku Mwalimu Anastazia alipovua viatu akaingia majini kuwafuata wanafunzi wake. Naiandika kama nilivyoiona. Mimi niliishia darasa la saba na kalamu yangu ni nzito, basi ukiona nimemsifu mtu kupita kiasi, punguza. Na ukiona nimemwonea mtu, mrudishie haki yake.

Ilikuwa hapa hapa kisiwani Juani, miaka ya mwanzo ya hifadhi ya bahari. Watu wa hifadhi walikuwa wakija kutueleza pa kuvua na pa kuacha, na sisi wanawake ndio kwanza tumeingia kwenye mwani kwa nguvu zetu zote. Nilikuwa msichana mkubwa, shule nimemaliza, nalima mwani na mama. Mdogo wangu Zuhura alikuwa darasa la nne kwa mara ya pili, kwa kuwa mtihani wa kwanza ulimshinda. Baba akasema, na wala hakusema kwa ukali: "Safari hii akishindwa tena, basi. Apewe kamba zake za mwani kama dada yake." Usimlaumu baba. Mwani ndio uliotuezekea bati. Lakini Zuhura alilia mpaka uji ukamganda bakulini, maana shule aliipenda, ila shule ilikuwa haijampenda yeye.

Mwalimu wa darasa lao ndiye huyo Anastazia. Alikuwa Mkristo wa bara, katokea Njombe, na alipanga chumba kwetu. Alikuja na sweta zito, na wanawake kisimani hawakumwacha salama.

"Mwalimu, sweta hilo unamletea nani, papa?"

"Akija mwenyewe mpaka jikoni kwangu, nitamvalisha," akajibu, wakacheka, na toka siku hiyo akawa mtu wa kisimani. Sisemi hakuwa na kasoro. Sauti yake ilikuwa kali, ikisikika mpaka kwenye mihogo ya watu. Lakini sikumwona akimdharau mtu.

Kabla ya mtihani alitangaza juma zima la kujifunza na kukumbushana, kila asubuhi, darasa la nne peke yake. Jambo zuri. Ila alifanya kosa ambalo mtu wa milimani ndiye wa kulifanya: hakutazama mwezi. Juma alilolichagua lilikuwa la bamvua. Bamvua maji hutoka mbali sana, na hutoka asubuhi, na hapo ndipo mwani unapofikika vizuri. Nyumba nzima hushuka pwani, na mtoto mwenye mikono miwili hasazwi. Hakuna aliyemwambia mwalimu, kila mmoja akidhani mwenzake kamwambia.

Jumatatu akasimama mbele ya madawati matupu. Akaja pwani mbio, fimbo mkononi, na sisi tuliomwona tukajua leo kuna kilio. Darasa lake lote lilikuwa limeinama kwenye tope, linakaza kamba. Akafika ukingoni, akatazama kwa muda. Kisha akavua viatu, fimbo akaichomeka mchangani, akaingia mpaka magotini alipokuwa Zuhura.

"Zuhura, leo si nilisema saa mbili?"

"Mwalimu, shikamoo. Ulisema. Lakini maji nayo yalisema."

Watoto wakacheka, naye midomo ikamcheza kidogo. Akamgeukia mama. "Mama, haya maji yanarudi lini?"

"Adhuhuri yanatufukuza yenyewe."

"Basi watoto nipeni mimi baada ya adhuhuri."

Mama akasimama kunyoosha mgongo. "Mwanangu, baada ya adhuhuri watoto ni wa Maalim."

Maalim Bakari alikuwa mwalimu wa chuo, mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe. Watoto wa kijiji walikuwa wakisoma Kurani kwake kila mchana mpaka alasiri, kama wazazi wao walivyosoma kwa baba yake. Mtu wa kuja kuukata mchana huo hajazaliwa, hivyo ndivyo tulivyoamini. Habari ikatangulia kijijini kuliko miguu yetu. "Leo anataka mchana," nikasikia mtu akisema, "kesho atataka na msikiti."

Jioni ile Mwalimu akaniomba nimsindikize. Nikamtandia kanga kichwani, naye akaiacha kama nilivyoiweka. Barazani kwa Maalim tukawakuta wazee wamekaa, na mbele yao mjomba wangu Faki, kaja kumtetea Maalim kabla Maalim hajaomba kutetewa.

"Hodi Maalim. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Mwalimu akakaa chini mkekani, akasema shida yake bila kuzunguka. "Nimepanga juma langu vibaya, sikujua habari za maji. Wako watoto wakishindwa mtihani huu shule kwao imekwisha. Naomba unigawie mchana wako, siku hizi chache tu."

Mjomba Faki hakungoja. "Maalim, usithubutu! Mgeni ukimpa shubiri atachukua pima. Chuo ni chuo. Wanetu hatuwatoi kwenye Kurani kwa ajili ya hesabu!"

Wengine wakaguna kukubali. Maalim akamtazama Faki taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Faki, mwanao leo asubuhi alikuwa wapi?"

"Kwenye mwani, Maalim. Si bamvua hii."

"Na mchana?"

Faki akakohoa. "Mchana... alikuwa anafunga mbegu za mwani kambani. Mama yake alizidiwa."

"Na bamvua iliyopita, mchana?"

Faki akaanza kukunja ukingo wa mkeka.

"Basi mimi nitakukumbusha. Alikuwa anafunga mbegu. Na wa huyu, na wa huyu." Akawaonyesha kwa kidevu, mmoja mmoja. "Kila bamvua naketi na nusu ya chuo, hakuna hata mmoja wenu anayekuja barazani kuilia Kurani. Leo kaja mtu kuwaombea wanenu elimu ndipo mmekumbuka kuwa nina chuo? Msinifanye mimi ngao, jamani. Mtoto ni amana. Asubuhi mmempa bahari, na hakuna aliyewazuia. Mchana mwacheni akae na walimu wake. Huyu ni mwalimu na mimi ni mwalimu. Hatutashindwa kugawana."

Mwanangu, sijasikia tena karipio kama lile, limesemwa na mtu ambaye sauti yake haikupanda hata kidogo. Mjomba akakiangalia kidole cha mguu wake. Na nimtendee haki: kesho yake mwanawe alikuwa wa kwanza kufika.

Maalim akaweka sharti moja tu, watoto wasome kwanza sura yao, kisha wawe wa Mwalimu mpaka alasiri. Shule ikiwa mbali na miguu ya watoto waliotoka kwenye tope, akasema wasomee hapo hapo chuoni. Basi ukaona jambo ambalo sikutegemea kuliona: ubao wa shule umeegemezwa ukutani kwa Maalim, Mwalimu Anastazia peku juu ya mkeka anaandika hesabu, na Maalim kakaa mlangoni na tasbihi yake, akimwona mtoto anasinzia anamwita kwa jina la babu yake. Alhamisi ni siku ya mapumziko ya chuo, lakini alikuja kufungua mlango na kukaa pale pale.

Zuhura kilichokuwa kikimshinda ni sehemu. Robo, thumuni, ukimwuliza ipi kubwa anasema thumuni, kwa kuwa nane inaizidi nne. Mwalimu akachora duara, akachora chungwa, wapi. Mara Maalim kutoka mlangoni:

"Mwalimu, samahani. Hiyo si mirathi hiyo?"

"Mirathi vipi, Maalim?"

"Zuhura, babu yako alipokufa aliacha minazi na watoto. Bibi yako akapewa fungu gani?"

"Thumuni."

"Na kama angekuwa hakuacha mtoto?"

"Robo," akasema Zuhura, maana ugomvi wa minazi ile kwetu kila mtoto aliujua kwa moyo.

"Haya, bibi yako angependa ipi?"

Zuhura akafumbua macho. "Robo! Minazi ingekuwa mingi!" Chuo kizima kikacheka, na Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machungwa yote ubaoni, akachora minazi. Hapo ndipo nilipompenda kabisa. Wako wasomi wakipewa neno na mtu wa mlangoni hununa.

Asubuhi nazo hakuzipoteza. Kila maji yalipotoka alikuja pwani, akapita kwenye mistari ya mwani na swali moja kwa kila mtoto, huku mikono yao ikifanya kazi. Ilipofika mwisho wa juma mama zetu ndio waliokuwa wakiuliza, tena wengine hawakujua jibu wenyewe, wanamtazama Mwalimu usoni kuona kama mtoto kapata.

Mtihani ukafanywa. Majibu yalipokuja, sitakudanganya, wako walioshindwa. Zuhura alipita. Hakuwa wa juu, alikuwa wa katikati, lakini alipita. Alikuja nyumbani akamwambia baba, akasimama akingoja. Baba alikuwa anakula. Akanawa mikono kwanza, akamwangalia, kisha akanigeukia mimi: "Zile kamba nilizomnunulia mdogo wako, chukua wewe. Yeye ana safari nyingine." Kazi yangu ikaongezeka siku ile, na nilinuna, nisikufiche. Lakini nilinuna nikiwa natabasamu, kama hilo linawezekana.

Sasa mwanangu, ninalokuusia ni hili. Mtoto mmoja huvutwa na watu wengi, na kila anayemvuta ana haki yake: bahari ina haki, nyumba ina haki, dini ina haki, shule ina haki. Usiitumie haki ya mmoja kumziba mwenzake mdomo, hasa kama na hiyo wewe huitimizi. Ukikosea, vua viatu ukaulize maji yanarudi lini. Na ukiwa umekaa juu ya kitu cha heshima kama alivyokaa Maalim, akaja mgeni kuomba kwa adabu, mpe kidogo. Heshima ya kweli haipungui kwa kugawanywa. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee awe tayari kuwaambia na wenziwe.

Mungu akukuzie wanao, akupe walimu wanaokubali kufundishwa, na kila mlango utakaogonga kwa heri, mwenye nyumba akwambie karibu.