Sista Mbio Achagua Chuo

Wodini walimwita Sista Mbio, maana hata akipeleka chai alikwenda kama anayekimbia mvua. Alikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya wazee, miaka arobaini na ushei, na hamu yake kubwa ilikuwa kitinda mimba wake aende akasome ng'ambo, hatimaye apate ukaazi wa kudumu.

Jumamosi moja binti alikaa sebuleni, kompyuta ya kuazima juu ya stuli, akiongea kwa video na mshauri wa chuo. Alisema anataka kusomea filamu, lakini kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

"Filamu ni nzuri," mshauri alisema, "ila ukimaliza, njia ya ukaazi ni nyembamba. Huku wanatafutwa watu wa kuhudumia wazee. Unasoma miaka miwili, unapata kibali cha kazi, na ukishafanya kazi unaweza kuomba ukaazi. Umewahi kumgeuza mgonjwa asiyejiweza?"

"Hapana."

"Unaanza na goti!" Mama alidakia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Unalikunja, unamwambia unachofanya, ndipo unamvuta upande wako. Usimshtue!"

Mshauri akaangua kicheko. "Huyo nani?"

"Mama yangu. Samahani sana."

"Hebu sogea nimwone. Mama, wewe hujafikiria kusoma?"

Sista Mbio akageuka nyuma kutazama ni mama yupi anayeulizwa.

"Nenda wewe, mama!" binti akaropoka. "Mimi sitaki kwenda! Nataka kubaki nipige picha za harusi na wenzangu, nilikosa tu pa kuanzia kukwambia."

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka mwiko ukaanguka.

Mume wa Sista Mbio, dereva wa lori, alipoingia akauliza, "Jamani, kuna nini?"

"Nasafiri kwenda shule."

Akajikalia juu ya kapu la nguo mbichi. "Na mimi je?"

"Utanifuata. Kwanza jifunze kupika."

"Lini?"

"Leo. Mwiko ule pale chini, uoshe."

Wiki iliyofuata Sista Mbio akaingiwa na tamaa ya chuo kingine, cha mwaka mmoja tu. Akampigia simu mshauri wa chuo hicho.

"Cheti chenu kitanipa kibali cha kazi nikimaliza?"

"Mama, tuna bwawa la kuogelea!"

"Nimeuliza kibali."

"Na maktaba ya ghorofa tatu!"

"Baba, nakuuliza kibali, wewe unaniogesha!" Akakata simu, akatuma maombi kwenye kile chuo cha kwanza, cha miaka miwili.

Jibu la kukubaliwa lilimkuta anasukuma toroli la chakula. Alipiga ukelele, matroni akatoka mbio akidhani kuna aliyezidiwa, akakuta msaidizi wake anaruka ukumbini kama mtoto.

"Nimepata! Nimepata chuo, matroni!"

Matroni, mama mnene mwenye heshima zake, akaruka naye. Wazee wakapiga makofi vitandani, wengine bila kujua sababu, na babu mmoja akadai aongezewe nyama kwa furaha hiyo. Aliongezewa.

Sasa Sista Mbio yuko mwaka wa pili. Ukaazi bado, kazi inamngoja kwanza. Mumewe amemfuata, anavaa sweta tatu kwa mpigo, na wali wake, binti anaambiwa kwenye simu, siku hizi unalika.