Nilijitangaza mufilisi Embu bila wakili, nikamwandika baba mkwe kati ya watu wanaonidai

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Manyatta, hapa juu ya mji wa Embu. Naandika nikiwa nimekalia kiti ambacho serikali imekubali rasmi kwamba ni changu. Si wengi humu wanaweza kusema hivyo.

Nitakayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe, sijayasikia kwa mtu. Majina mengi nimeyaacha kwa sababu nina wakwe, na wakwe wangu wana simu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa barabara. Nilimaliza kidato cha nne, nikapanda lori la mtu kama turnboy, msaidizi wa dereva, na tangu siku hiyo miguu yangu haijajifunza kukaa. Isiolo, Marsabit, Moyale, Garissa, kote nimelala na kote nimekula kwa mkopo.

Enzi hizo mkopo ulikuwa na sura. Kulikuwa na mama wa hoteli pale Isiolo, alikuwa anakuwekea maharagwe na chapati, unamwambia "nikirudi", na ukirudi anakucheka kabla hujashuka kwa gari. Namkumbuka sana yule mama. Siku hizi anayekudai ni meseji, na haicheki.

Basi nikaoa. Nilioa Meru, Kaaga, msichana wa watu ambaye leo ni Mama Wawira. Ruracio, yaani mahari, nilitoa sehemu. Ya kutosha kupewa mke, si ya kutosha kupewa heshima. Nyinyi wa huku mnajua hesabu hiyo.

Halafu nikashikwa na wazimu wa kumiliki gari langu. Nikachukua canter, lori dogo, kwa mkopo, nikawa nabeba ndizi na parachichi kupeleka Nairobi. Injini ikafa. Nikakopa sacco nitengeneze injini. Nikakopa app ya mikopo ya simu nilipe sacco. Nikakopa app nyingine nilipe app ya kwanza. Mwisho nilikuwa kama mtu anayehamisha maji kwa ndoo zilizotoboka, na bado anajiita mfanyabiashara.

Canter ikachukuliwa. Deni likabaki. Watu wa app wakaanza kupigia kila mtu aliye kwa simu yangu: fundi wa viatu, mwalimu wa mtoto, hata pasta. Pasta akanihubiria Jumapili bila kunitaja jina, lakini alikuwa ananiangalia.

Ndipo nikasikia kwamba sheria yetu inaruhusu mtu aende mahakamani mwenyewe, aseme sina, nimeshindwa, nitangazeni mufilisi. Msimamizi wa mali anayewekwa kisheria anachukua kilichopo, anagawia wanaokudai, na miaka ikipita salama, yaliyobaki yanafutwa.

Nikaenda kwa wakili mmoja mjini. Akanisikiliza vizuri, akaniambia kiasi cha kuweka mezani ndio aanze.

"Wakili," nikamwambia, "hizo pesa ningekuwa nazo, ningekuja kwako kufanya nini?"

Akasema hiyo ni hoja nzuri, na nimuite tena nikizipata.

Nikaamua nitajisimamia. Lugha ya korti si ngumu sana ukiisoma polepole kama maandishi ya chupa ya dawa ya ng'ombe. Nikalipia fomu zipigwe chapa, nikalipia kiapo, nikalipia tangazo kwa gazeti. Ndiyo, wakuu. Kutangaza kwamba huna pesa kunalipiwa. Niliuza kuku kumi na mbili ili nithibitishe kwamba mimi ni maskini.

Sasa sikilizeni nilipojichoma.

Kuna karatasi ya kuorodhesha mali. Niliandika kitanda, viti, redio, majembe mawili. Hiyo haikuniumiza, ilinichekesha tu, miaka ishirini na tano barabarani na mali yangu inatosha kwa mkokoteni mmoja.

Halafu kuna karatasi ya kuorodhesha kila mtu unayedaiwa naye. KILA MTU. Na chini yake unaapa kwamba hujaficha. Mimi nililelewa kanisani. Nikiambiwa niape, naogopa. Nikaandika aliyenikopesha canter, sacco, app zote, mwenye nyumba, na agrovet ya Karurumo, duka la dawa za mifugo nilikochukua dawa ya kuku.

Kalamu ikasimama. Nikajiuliza, na ruracio je? Nimeahidi mbele ya wazee. Mashahidi wapo. Sijamaliza. Nikificha hii, si nitakuwa nimeapa uongo?

Nikaandika. Baba mkwe, Kaaga, Meru. Ng'ombe watatu, mbuzi waliobaki, asali, na tangi la maji la mama mkwe.

Mkinicheka, chekeni. Wakili angeniondolea mstari huo kwa kidole kimoja.

Karani wa korti akaniambia kila niliyemwandika apate nakala. Nikatuma nakala zote. Ya baba mkwe nikaiweka kwa gari la parcel la Meru, nikijiambia mzee hasomi Kiingereza, ataiweka kwa kabati.

Kaaga! Mahali ambapo ukirusha jiwe lazima ligonge shule, mimi nategemea Kiingereza kikose msomaji. Mzee alivuka barabara tu, akampa jirani yake, mwalimu mkuu mstaafu. Mwalimu akasoma kwa sauti, akatafsiri kwa Kimeru, na nasikia alirudia sehemu ya tangi mara mbili kwa sababu mama mkwe alikuwa amefika amechelewa.

Mama mkwe akapiga simu. Hakunipigia mimi.

Nikiwa nje nachanja kuni, Mama Wawira akatoka na simu mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba Wawira. Mimi ni namba ngapi?"

"Namba ya nini?"

"Kwa ile karatasi ya korti. Mimi ni namba ngapi?"

"Si wewe niliandika. Niliandika mzee."

"Ulimwandikia nini? Mahindi?"

Akaenda ndani, akarudi na nakala yangu, akaisoma na kidole.

"Niko nyuma ya agrovet," akasema. "Dawa ya kuku imenitangulia."

"Mama Wawira, hiyo ilikuwa tu mpangilio wa..."

"Korti ikifuta hili deni la baba, mimi nitakuwa nani hapa? Niambie. Nitakuwa nimeolewa, ama nitakuwa nimetembea tu nikapotea njia?"

Wakuu, niliokota shoka nikarudi kwa kuni.

Jioni hiyo mzee mwenyewe akanipigia. Alisema maneno machache. Kwamba ruracio ikifutwa na mtu yeyote, awe jaji awe nani, basi binti yake na watoto wanarudi Kaaga, na yeye hataki ugomvi, anataka tu vitu vyake viwe mahali pamoja. Asubuhi Mama Wawira akabeba begi na mtoto mdogo, akaenda kungoja huko. Wawira akabaki nami kwa sababu ya shule, na hakuniongelesha.

Nikakimbia korti kumwomba karani anifutie huo mstari. Akanieleza kwa upole kwamba nimeapa, na kubadilisha ni kuapa tena, na jaji anaweza kuniuliza kiapo gani kilikuwa cha kweli. Nikarudi kwa yule wakili. Alicheka mpaka akatoa miwani, kisha akarudia kiasi chake.

Siku ya kesi ikafika. Nilidhani chumba kitajaa watu wanaonidai. Lakini wapi! Wale wa app waliokuwa wananitukana kila asubuhi, hata mmoja hakuonekana. Sacco ilituma kijana wa suti ambaye alikuwa anaangalia simu. Mwenye nyumba hakuja. Mwenye agrovet hakuja.

Waliokuja ni Wameru. Mzee akiwa na kofia na koti la harusi, wazee wanne wa ukoo nyuma yake, mama mkwe, na mwisho Mama Wawira na mtoto mgongoni. Walijaza viti vya mbele kama ni wao wanaoozesha.

Jaji akasoma karatasi, akainua macho.

"Mzee, huyu bwana anasema unamdai ng'ombe watatu, mbuzi, asali na tangi la maji. Ni kweli?"

Akisema ndiyo, ameingia kwa foleni ya kugawana viti vyangu, na miaka ikipita deni linafutwa, na mke wangu ameenda. Akisema hapana, mimi nimeapa uongo mbele ya jaji, na ombi langu laweza kutupwa nje, na wale wa app warudi kwa pasta.

Mzee akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mheshimiwa, nauliza kwanza. Nikisema ndiyo, nitalipwa lini?"

Jaji akamweleza taratibu. Mali itaangaliwa, kitakachopatikana kigawanywe, kitakachobaki kifutwe.

"Kufutwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata tangi la mama?"

Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka.

"Hata tangi," jaji akasema.

"Na nikisema simdai?"

"Jina lako litaondolewa, na kesi hii haitakuhusu tena."

Mzee akageukia wazee wake. Wakanong'onezana Kimeru kwa muda, jaji akiwangoja kwa uvumilivu ambao sikuutegemea. Kijana wa sacco aliacha simu akaanza kusikiliza.

"Mheshimiwa," mzee akasema, "andika simdai. Deni huwa linaisha. Yangu na huyu hayaishi."

Jaji akaniangalia mimi. "Na wewe, kwa nini uliandika?"

"Karatasi ilisema kila mtu, mheshimiwa. Niliogopa kuficha."

Akafikiri kidogo. Akasema haoni udanganyifu hapo, anaona mtu aliyehitaji ushauri. Mstari ukaondolewa, ombi likaendelea, nikatangazwa mufilisi. Sijawahi kutukanwa kwa adabu namna hiyo.

Nje, nikaenda kumsalimia mzee kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa.

"Asante, Baba. Umeniokoa."

"Nimekuokoa?" Akaniangalia kama mtu anayepima ndama. "Wale wengine wote wanaokudai, korti si imewaweka kando?"

"Imewaweka, Baba."

"Hawawezi kukusumbua tena?"

"Hawawezi."

"Basi nimebaki peke yangu. Leta ng'ombe mmoja Desemba."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaenda kutafuta chai. Fikirieni, wakuu. Sacco ina wakili, app zina kompyuta, na mzee wa Kaaga amewapita wote kwa kukataa tu kuitwa mdai.

Mama Wawira alikuwa amesimama kando. Sikujua kama ataenda na wao. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimbebe, akachukua begi lake.

"Twende nyumbani," akasema. "Lakini ile karatasi nataka kuiona ikichomwa."

Tuliichoma jikoni. Hata sikuuliza kama sheria inaruhusu.

Sasa mambo yalivyo. Viti nimeachiwa na msimamizi wa mali, redio pia. Naendesha lori la mtu mwingine, napeleka miche Isiolo. Kwenda nje ya nchi lazima niombe ruhusa, kwa hiyo nikifika Moyale naangalia upande wa pili wa mpaka kama mtoto aliyenyimwa kutoka. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko hata canter. Simu yangu imenyamaza. Na kila siku naweka kitu kidogo cha ng'ombe, nikijua kabisa akifika huyo, wataniuliza wa pili yuko wapi.

Nilichojifunza: unaweza kujisimamia bila wakili, korti haitakula. Lakini karatasi ikikuuliza nani anakudai, tafuta mtu wa kukuambia ni madeni gani ambayo serikali ina uwezo nayo. Kuna mengine haina, na ukijaribu kuyapeleka huko, mwenye kuumia ni yule unayelala naye nyumba moja.

Nanyi wenzangu, hasa mliooa mbali na kwenu: mlimaliza kulipa, ama mnalipa mkijua hakuna mwisho? Na wanawake mlio humu, ingekuwa wewe ndiye uko nyuma ya agrovet, ungerudi? Andikeni hapa chini. Matusi pia napokea, nimeshazoea.