Msimwite Mama wa Idara

Kuna siku moja, mwanangu, imenirudia kichwani tangu ulipoingia hapa na shikamoo yako na habari za cheo chako kipya. Imenirudia nikacheka, nawe ukadhani nakucheka wewe. Sikukucheka. Nilimkumbuka mzee mmoja aliyeunguza wali wa kongamano zima, na kwa kuunguza wali ule akanifanya niwe huyu unayemwona.

Umekabidhiwa idara. Hongera. Umeniambia pia, kwa sauti ya kulalamika, kwamba walimu wa kike hawakai chuoni kwenu. Mnawaajiri, wanakaa kidogo, wanahama, na nyie hamjui kwa nini. Lo! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti mwenyewe ndiye huyu mbele yako. Basi keti vizuri. Chai ipo, na korosho hizo zimetoka kwetu Tunduru, usizionee haya.

Nilikuja Songea nikiwa bado msichana, mhadhiri msaidizi katika chuo ambacho sitakitaja. Nilipanga vyumba viwili Ruhuwiko, nikanunua meza, nikajiona nimefika. Idara ilikuwa ya wanaume watupu, karibu wote Wangoni na Wakatoliki. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, Myao peke yangu na Mwislamu peke yangu. Yaani nikikosa kikao, wamekosekana watu watatu.

Sasa unajua sisi na Wangoni ni watani. Walinipokea kwa utani tangu mlangoni: "Karibu mtani, huku kwetu simba hawali watu kama kwenu." Nikacheka, kwa kuwa utani ni utani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mimi siku ya tatu nikapewa langu. Lilikuwa mwiko.

"Mtani, wewe ndiye mwanamke wetu, utatushikia kamati ya chakula." Basi ikawa hivyo. Akija mgeni, Zuhura. Mahafali, Zuhura. Mwenzetu kafiwa Peramiho, Zuhura apange sufuria na maharage. Hata mwisho wa muhula walipotaka kujipongeza kwa kitimoto, nguruwe wa kuchoma, niliambiwa mimi nikasimamie uchomaji, mimi, binti wa shehe! Nilipokataa wakaangua kicheko: "Aa, ni utani tu, mtani."

Na walinisifu, usione hivi. Waliniita Mama wa Idara. Sikuwa na mume wala mtoto, lakini nilishakuwa mama wa wanaume wenye umri wa baba yangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa niliishia kutia maji kazi yangu mwenyewe. Wenzangu jioni waliandika makala zao, mimi nilihesabu sahani. Mwezi wa Ramadhani vikao vilianza saa kumi vikaendelea mpaka adhana imekwisha, nikafuturu kwa maji ya bomba, nimesimama koridoni. Hakuna aliyenikataza kutoka. Hakuna aliyekumbuka, basi. Hapo ndipo nataka utulie unisikilize, mwanangu: hawakuwa watu wabaya. Nilipougua malaria walikuja kuniona wote, na ndizi juu. Mtu anaweza kupendwa sana na watu wanaommaliza.

Mkataba wangu ukakaribia kwisha. Mkuu wetu wa idara akaniita ofisini, akaniambia kwa upole kabisa kwamba sina machapisho, wala sijawahi kuwasilisha mada hata moja, na kwa hali hiyo mkataba hautaongezwa. Nilitaka kumuuliza ningeandika saa ngapi. Bahati ilikuwa moja tu: chuo kilikuwa kinaandaa kongamano, na mada yangu kuhusu unyago na masomo ya wasichana ilikuwa imekubaliwa. Nikiisoma vizuri nina la kujitetea. Nisipoisoma, nimekwisha, narudi Tunduru kufundisha sekondari.

Si kwamba sekondari ni aibu, hasha. Kilichoniuma ni wale wasichana wa kwetu, wanafunzi wachache, wenye hijabu zao, waliokuwa wakija ofisini kwangu bila swali lolote, wanakaa tu kwenye kiti, wanatazama jina langu mlangoni. Ningewaambia nini?

Siku ya kongamano ikafika. Asubuhi mkuu wa idara akanifuata mbio: mpishi mkuu hakutokea. "Mtani, tupia jicho jikoni kidogo tu." Kidogo! Kidogo hicho kikanikuta nyuma ya ukumbi, nimefunga khanga kiunoni, kuni mbichi zinatoa moshi, masufuria makubwa yako juu ya mafiga, na vibarua wawili wananiuliza chumvi kiasi gani. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Nikamsikia mwenyekiti akisoma jina langu. Akalisoma tena. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi nimesimama palepale na mwiko mkononi. Nilikuwa nawaza wageni watakula nini. Wallahi, maisha yangu yanaitwa ndani, mimi nawaza wali! Machozi yakanitoka, nikajiambia ni moshi.

Ndipo akatokea Mzee Haule. Huyu alikuwa mhadhiri mkongwe kuliko wote idarani, amebakiza kidogo kustaafu, mwenyeji wa Maposeni, mtu wa mahindi yake na maneno machache. Sote tulimwogopa. Alizunguka ukuta akiwa amevaa suti yake ya kongamano.

"Umesikia unaitwa?"

"Shikamoo, Mzee. Nimesikia."

"Marahaba. Sasa?"

"Wali haujaiva, Mzee. Wageni wata..."

"Uliajiriwa kupika?"

Nikageukia sufuria. Akanitazama kwa hasira, kisha akasema, "Kwenu Tunduru simba wameshindwa kukula, leo uje uliwe na sufuria?"

Nikacheka huku nalia. Tangu nifike Songea nilitaniwa kila siku ya Mungu, lakini huo ulikuwa utani wa kwanza kusimama upande wangu. Mzee akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akakunja mikono ya shati.

"Lete huo mwiko. Nenda kasome."

"Mzee, unajua kupika wali?"

"Sijui. Nenda!"

Niliingia ukumbini nanuka moshi, khanga bado iko kiunoni. Mkuu wa idara akanisogelea kwa hofu, "Mtani, na chakula?" Nikamwambia kiko kwa Mzee Haule. Alivyoniangalia utadhani nimemwambia chakula kiko kwa askofu. Nikapanda mbele, nikasoma. Sikusema kama malaika, mwanangu, karatasi zilinidondoka. Mgeni mmoja alinibana kwa maswali, mengine nikajibu, moja nikasema sijui, nitalitafuta. Lakini nilisoma mpaka neno la mwisho, na nilipomaliza wasichana wangu waliokuwa wamesimama nyuma walipiga makofi mpaka mwenyekiti akawanyamazisha.

Wali uliungua. Uliungua hasa. Wageni walikula ukoko kwa heshima, na Mzee Haule aliwapakulia mwenyewe, shati limejaa masizi, bila kuomba radhi kwa yeyote.

Kikao kilichofuata, mkuu wa idara alianza na aibu ile ya chakula. Tumejidhalilisha mbele ya wageni, akasema. Mzee Haule akanyanyuka.

"Aliyeunguza ni mimi, nisemeni mimi," akasema. "Ila na mimi nina neno. Kila siku mnamtania huyu binti. Vizuri, ni mtani wetu. Lakini nani kati yenu amewahi kumsikia akijibu? Utani una pande mbili. Mtani anayetaniwa tu, hajibu, huyo si mtani wenu, mmemfanya kijakazi. Na mnajua mtani ni nani. Siku ukifa, mtani ndiye anayesimama kaburini kwako na kusema yale ambayo ndugu zako hawawezi. Mkimfukuza huyu, mtazikwa kimya kama kuku."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa idara, na hili namsifu nalo mpaka leo, hakupandisha hasira. Aliinamisha kichwa akasema, "Mzee, kwa kweli hatukuona."

"Hamkuona kwa sababu mlikuwa mnakula."

Kisha mkuu akanigeukia. "Mwalimu Zuhura," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mwalimu kwenye kikao kile, "ni nini kingekufanya ubaki?"

Mwanangu, hilo ndilo swali. Miaka yote ile halikuwa limeulizwa, na kumbe majibu nilikuwa nayo tele. Nikasema kamati ya chakula iende kwa zamu, na zamu iwaguse wote, mkuu naye asiachwe. Nikasema Ramadhani vikao viwe asubuhi. Nikaomba siku moja kila wiki ya kuandika, mlango umefungwa, asiniite mtu. Mwisho nikasema nikitaniwa nitajibu.

"Haya jibu basi!" wakapiga kelele.

Nikasimama. "Nyie Wangoni, mngekuwa mnakunywa vitabu kama mnavyokunywa pombe yenu ya komoni, chuo hiki kingekuwa na maprofesa mpaka getini."

We! Walipiga meza, walishikana mabega, mmoja akatoka nje kwenda kuchekea huko. Siku hiyo ndiyo niliyoajiriwa kweli. Mkataba ukaongezwa, makala zikaandikwa moja baada ya nyingine, na nilibaki hadi nilipostaafu kwa heshima zangu.

Mzee Haule alipofariki tulimzika kwao Maposeni. Nilifanya kama mila inavyonitaka: nilizuia jeneza njiani, nikagoma lisipite, nikapaza sauti, "Huko aendako msimpe mwiko, atawalisha ukoko!" Waombolezaji wakacheka, mjane wake akacheka na khanga mdomoni. Kisha nikawapisha, na nikalia kuliko ndugu zake. Nani mwingine angenitoa jikoni?

Sasa nikuambie kilichonifanya nikutumie salamu uje. Nimesikia, na watu wa mji huu hawafichi kitu, kwamba idarani kwako yupo binti Mnyasa aliyeomba kuhama, na kwamba nyie mnashughulikia sherehe ya kumuaga, keki na vitenge. Sherehe za kuaga ni tamu, mwanangu. Watu husimama wakasema maneno mazuri ambayo wangeyasema mwaka uliopita asingeondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe unataka kuupaka ufa rangi!

Nenda kamwone kabla ya hiyo keki. Usimwite ofisini kwako, mfuate kwake, na umuulize ni nini kinamwondoa. Ukishauliza, nyamaza. Usimweleze kwamba hata wanaume wana shida, usimwambie avumilie, usimkatize kwa utani. Ukimaliza kumsikiliza tazama nani anaandaa chai ya vikao vyako, nani anatumwa kufariji wafiwa, nani anaambiwa ashughulike na kila mwanafunzi anayelia, halafu jiulize ni lini huyo ataandika. Na yule kijana wenu wa kiti cha magurudumu, mnayempongeza kwa ujasiri kila akibebwa kupandishwa ngazi, acheni kumpongeza. Mpeni chumba cha chini. Sifa haimbakishi mtu, mwanangu. Mtu hubakishwa na nafasi ya kufanya kazi aliyoijia, na kazi za pamoja zibebwe na mabega yote, lako la kwanza. Yule aliye peke yake, msaidieni asichoke kwa kuwa peke yake. Na mkimpata wa pili na wa tatu, msimwache wa kwanza awalee bure.

Inawezekana umechelewa, na binti ataondoka. Kubali, mpe mkono, na umwombe radhi mbele ya wenzake, maana anayekuja baada yake atakuwa anasikiliza.

Nyanyuka sasa, jua linakwenda. Chukua na korosho za watoto. Mungu wangu na Mungu wako, ambaye ni mmoja, akulinde na watu wanaokusifu, akujalie wenzako wakutanie bila kukuogopa, na akupe masikio kabla hajakuongezea cheo. Amina, mwanangu. Nenda kamuulize.